Vidonge vya Nyongeza na Meno Yanayonyooshwa



Ndugu wasomaji, kwa muda sasa nimekuwa nikipokea swali lenye sura nyingi na kiini kimoja. Mama mmoja auliza: binti yake wa miaka kumi na minne amefungwa waya za meno, daktari amesema matibabu yatachukua kama miaka miwili, na dukani ameambiwa kwamba vidonge vya kalsiamu na vitamini D vitaufupisha muda huo. Je, anunue? Baba mwingine ataka kujua kama mafuta ya samaki anayompa mwanawe kila asubuhi yana dhara kwa meno yanayonyooshwa. Wa tatu ameletewa zawadi na nduguye aliyeko Ghuba: chupa ya kapsuli za vitamini D zenye nguvu kubwa, naye auliza ampe mtoto ngapi kwa siku.

Maswali haya si madogo. Matibabu ya waya ni ghali, na aghalabu mzazi huyalipia kidogo kidogo kwa kujinyima. Akiongeza juu yake gharama ya vidonge visivyo na faida, amepoteza mara mbili. Na vikiwa na madhara, amepoteza mara tatu. Jibu fupi ni kwamba kwa mtoto mwenye afya anayekula vyema, hakuna kidonge kilichothibitishwa kuyahamisha meno haraka zaidi kwa usalama. Lakini mzazi anayetaka kuamua kwa ujuzi ahitaji kufahamu sababu, na sababu imo ndani ya mfupa wenyewe.

Jino huhamaje?

Wengi wetu hudhani jino limekaa katika taya kama msumari katika ubao, na kwamba waya hulivuta kwa nguvu mpaka likubali. Lau ingekuwa hivyo, jino lingevunjika. Kwa hakika mzizi wa jino haugusani na mfupa. Baina yao kuna utando mwembamba wa nyuzi, usiofika hata nusu milimita kwa unene, wenye mishipa ya damu na seli hai. Nyuzi hizo hulishika jino mithili ya kamba zinavyoshika jahazi lililofungwa bandarini: lashikika, lakini lina nafasi ya kucheza kidogo.

Waya inapolisukuma jino, utando hubanwa upande wa mbele na huvutwa upande wa nyuma. Seli zilizomo huhisi badiliko hilo na kutoa ishara za kikemia. Upande uliobanwa hukusanyika seli za kubomoa, ziitwazo osteoklasti, ambazo huyeyusha mfupa na kulifungulia jino njia. Upande uliovutwa hufanya kazi seli za kujenga, ziitwazo osteoblasti, ambazo hutandaza mfupa mpya pale jino lilipotoka. Daktari wa Kiswidi, Carl Sandstedt, aliyaonyesha haya mwaka 1904 kwa majaribio ya mbwa: aliyasogeza meno yao ya mbele kwa muda wa wiki tatu, kisha akalitazama taya kwa hadubini, akaona mfupa uliolika upande mmoja na mfupa mpya upande wa pili. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na msingi huo haujabadilika.

Kazi hii ina mwendo wake. Siku za mwanzo jino husogea kidogo ndani ya nafasi ya utando. Kisha husimama, mara nyingi kwa wiki mbili hadi nne, kwa kuwa pale palipobanwa sana damu imepungua na baadhi ya seli zimekufa, nazo ni lazima ziondolewe kwanza. Baada ya hapo safari huanza, kwa kadiri ya milimita moja kwa mwezi.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mzazi alishike. Mahali pamoja katika mfupa, seli za kubomoa humaliza kazi yao kwa wiki chache tu. Seli za kujenga huhitaji takriban miezi mitatu au minne kuujaza mfupa na kuugumisha. Nyuzi za ufizi nazo huchelewa zaidi, hata kufikia mwaka, kabla ya kuzoea mahali papya. Ndiyo maana waya zikishatolewa mtoto hupewa kifaa cha kushikilia meno, na asipokivaa meno hurudi yalikotoka. Basi anayetaka jino liende mbio na ajiulize kwanza: ni fundi yupi anayemhimiza, wa kubomoa au wa kujenga?

Kalsiamu na vitamini D

Swali hilo hujibiwa vizuri na habari ya kalsiamu. Mwaka 1981 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa mbwa waliolishwa chakula kilichoifanya mifupa yao ipoteze kalsiamu. Meno ya mbwa hao yalihama haraka kuliko ya mbwa waliolishwa vyema. Asomaye juu juu angesema: basi tupunguze maziwa, meno yanyooke upesi. La hasha! Damu ya kiumbe haina budi kuwa na kalsiamu ya kiasi kile kile kila wakati, kwani moyo na misuli huitegemea. Chakula kikipunguka, tezi ndogo nne zilizo shingoni hutoa homoni inayoiamuru mifupa ilipe deni hilo. Ubomoaji huzidi mwili mzima, taya hupungua uzito, na jino hupita kwa wepesi kwa sababu ukuta umedhoofika. Kasi ile ilikuwa dalili ya maradhi.

Na kinyume chake? Kumwongezea kalsiamu mtoto ambaye tayari anapata ya kutosha hakumpi fundi wa kubomoa sababu ya kuharakisha. Faida ya kalsiamu ni uimara wa mfupa utakaobaki baada ya waya kutolewa, na faida hiyo hupatikana kwa kutimiza mahitaji, bila kuyapita. Kwa kijana wa miaka 9 hadi 18, kiasi kinachopendekezwa ni miligramu 1,300 kwa siku kutokana na vyakula vyote. Glasi moja ya maziwa ina karibu miligramu 300.

Vitamini D ndiyo inayotangazwa zaidi, na tangazo hilo lina chanzo. Mwaka 1988 watafiti wawili, Collins na Sinclair, walichapisha jaribio walilolifanya kwa paka. Waliudunga utando wa jino kwa kalsitrioli, ambayo ni vitamini D iliyokwisha kugeuzwa na mwili kuwa homoni. Baada ya siku 21, meno yaliyodungwa yalikuwa yamehama kwa asilimia 60 zaidi ya yale yasiyodungwa. Majaribio ya panya yaliyofuata nayo yalionyesha kwamba homoni hii huamsha seli za kubomoa na za kujenga pamoja. Hili ni jambo la kutia hamu kwa watafiti. Lakini tutazame tofauti: ilikuwa sindano ndani ya taya na dawa yenye nguvu ya homoni, na viumbe vilikuwa paka na panya. Kidonge amezacho binti huenda tumboni, husambaa mwili mzima, na mwili hukigeuza kwa kadiri ya haja yake tu. Ushahidi mwingi ulioko juu ya virutubisho na mwendo wa meno watokana na wanyama, na ule wa wanadamu ni mchache mno kuweza kujenga ahadi ya dukani.

Mtoto mwenye upungufu wa vitamini D, hata hivyo, ana hukumu nyingine. Huyo hashibi kalsiamu hata akinywa maziwa, kwa kuwa utumbo wake hauwezi kuichukua vyema. Mfupa wake hubaki laini, na akiwa mdogo hupata matege. Wengine hushangaa kusikia kwamba upungufu huu waweza kuwepo pwani, tuliko na jua mwaka mzima. Lakini ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza vitamini hiyo, na mabinti wanaotoka wamejistiri na kushinda ndani ya nyumba au darasani hulipata jua kidogo. Dawa yake si kuacha sitara. Ua wa nyumba na roshani vipo, na hospitali ina kipimo cha damu. Kipimo kikionyesha upungufu, atibiwe, awe na waya au asiwe nazo.

Ama zile kapsuli za Ghuba, nawaomba mziangalie maandishi. Mahitaji ya kijana kwa siku ni yuniti 600, na kiwango cha juu kisichofaa kuvukwa bila usimamizi wa daktari ni yuniti 4,000. Zipo kapsuli zenye yuniti 50,000 kila moja, yaani mahitaji ya zaidi ya siku 80. Hizo daktari humwandikia mwenye upungufu, kwa kawaida moja kwa wiki na kwa wiki maalumu. Mtoto akipewa moja kila siku kwa kudhani ni vitamini tu, kalsiamu hupanda katika damu yake: atapata kiu isiyokwisha, kichefuchefu, kukojoa sana na kufunga choo, na mwisho wake waweza kuwa mawe ya figo au figo kuharibika. Vitamini hii huhifadhiwa katika mafuta ya mwili, kwa hiyo haitoki upesi hata ukiisimamisha.

Vitamini C na mafuta ya samaki

Nyuzi zinazolishika jino zimesukwa kwa kolajeni, na kolajeni haisukiki bila vitamini C. Mabaharia wa zamani waliujua ukweli huu kwa machungu. Katika safari ya Mwingereza George Anson ya kuizunguka dunia, mwaka 1740 hadi 1744, kiseyeye kiliwaua mabaharia wengi. Ufizi wao ulivimba, meno yakalegea, na iliandikwa kuwa mtu mmoja makovu yake ya vitani, ya zaidi ya miaka hamsini, yalifunguka upya. Mwaka 1747 tabibu wa manowari, James Lind, aliwagawa wagonjwa 12 kwa tiba mbalimbali, na waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Kovu la miaka hamsini hufunguka kwa sababu mwili hausuki nyuzi mara moja na kumaliza. Huzisuka upya daima. Vivyo hivyo jino lililonyooshwa huhitaji nyuzi mpya lishikike mahali pake.

Tukijua hayo, haifuati kwamba vidonge vya miligramu 1,000 vitaleta nyuzi bora zaidi. Kijana ahitaji miligramu 65 hadi 75 kwa siku, na pera moja laweza kumpa zaidi ya hizo. Ziada hutoka na mkojo, na ikizidi mno huleta kuhara na huweza kuchangia mawe ya figo.

Mafuta ya samaki yana kisa cha kuvutia zaidi. Uhamaji wa jino wategemea uvimbe mdogo uliodhibitiwa ndani ya utando. Miongoni mwa ishara zake ni kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huziita seli za kubomoa. Mafuta ya omega-3 hupunguza ishara hizo. Mwaka 1999 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliolishwa mafuta ya samaki meno yao yalihama polepole zaidi, lakini mizizi ya meno yao pia ililika kidogo kuliko ya wenzao. Kulika kwa ncha ya mzizi ni katika madhara yanayowahofisha madaktari wa waya. Basi kitu kile kile kilichopunguza mwendo kilikuwa kinaihifadhi mizizi. Hatuwezi kuichukua hukumu ya panya tukaiweka moja kwa moja kwa mtoto, na hakuna haja ya kumkataza samaki mezani. Lakini anayemeza kapsuli za omega-3 kila siku na amwambie daktari wake.

Kwa sababu iyo hiyo, maumivu ya siku za mwanzo baada ya waya kukazwa, madaktari wengi hupendelea yatulizwe kwa paracetamol kuliko ibuprofen, kwani ibuprofen huzuia prostaglandini. Kidonge kimoja au viwili si msiba. Mazoea ya wiki kwa wiki ndiyo yanayotiliwa shaka.

Na tusichanganye mafuta ya samaki ya kawaida na mafuta ya ini la chewa. Haya ya ini yana vitamini A na D kwa wingi: kijiko kimoja cha chai chaweza kuwa na yuniti 450 za D na 4,500 za A. Mtoto akipewa kijiko hicho, na kidonge cha vitamini mchanganyiko, na kapsuli ya D, huwa amekula vitamini ile ile mara tatu kwa majina matatu. Vitamini A ikizidi huudhoofisha mfupa ule ule tunaotaka kuuimarisha.

Lililomo ndani ya ganda

Kwetu sisi kuna swali jingine la lazima. Kapsuli nyingi laini, na vidonge vya kutafuna vinavyofanana na peremende, hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini hutoka kwa ng'ombe au nguruwe. Wanazuoni wana maelezo marefu juu ya kitu kilichobadilika umbile lake, lakini maadamu kilicho wazi chapatikana, ya nini kuingia katika shaka? Vipo vidonge vikavu visivyo na jelatini, matone ya maji, kapsuli za mimea na za jelatini ya samaki. Vitamini D3 kwa kawaida hutolewa katika mafuta ya sufi ya kondoo, na D2 hutokana na hamira au uyoga. Soma kibandiko, au mwombe muuza dawa akusomee.

Vile vya kutafuna vina tatizo la pili hata vikiwa halali. Vina sukari na asidi, navyo hunata kwenye waya pasipofikiwa na mswaki. Madoa meupe ya kuoza yaweza kujitokeza kandokando ya waya ndani ya mwezi mmoja, na doa hilo hubaki hata meno yakinyooka kama safu ya swala. Ni hasara iliyoje, kununua afya kwa umbo la peremende! Mswaki wa mti ni jambo jema na la sunna, lakini mwenye waya auongeze juu ya brashi na dawa ya meno yenye floridi, asiufanye badala yake.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, kabla ya waya kufungwa, mpelekee daktari orodha ya kila kitu ambacho mtoto humeza: vidonge, mafuta, habasoda, dawa za mitishamba. Tia chupa zote mfukoni uende nazo. Mtu mzima anayetaka kunyoosha meno aseme pia kama anatumia dawa za kuzuia mifupa kulika, wanazopewa baadhi ya wazee wetu, kwani baadhi yake huzizuia seli za kubomoa na zaweza kuyafanya meno yasihame kabisa.

Pili, ukiwa na shaka ya upungufu, pima kwanza, kisha tibu. Fedha ya chupa mbili tatu za kubahatisha aghalabu yatosha kupima.

Tatu, tazama jikoni. Maziwa, mtindi, uji wa wimbi, simsim iliyosagwa, sukuma wiki, na dagaa wanaoliwa na miba yao vina kalsiamu. Mapera, machungwa, mapapai na maembe vina vitamini C. Mayai na samaki wenye mafuta vina vitamini D kiasi. Siku ambazo meno yauma, bokoboko na uji ni chakula cha heshima na hakihitaji kutafunwa sana. Mabuyu, kashata, miwa na mahindi ya kuchoma vingoje. Vimevunja waya nyingi, na kila waya iliyovunjika huongeza wiki katika matibabu.

Nne, shikeni miadi ya daktari, na kifaa cha kushikilia meno kivaliwe kama alivyoagiza. Kukosa miadi na kuvunja waya ndiko kunakorefusha matibabu katika nyumba nyingi, na hakuna kidonge kinachofidia hayo.

Mwili wa mtoto ni amana mikononi mwetu. Mfupa wake una mafundi wawili, na wa kujenga ndiye anayechelewa. Tumpe chakula chake, tumpe na muda wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu afya, na atupe sisi subira ya kuwalea. Wabillahi tawfiq.